Naomba ushauri: risiva ya sinema ya bei nafuu kwa sebule ndogo

Mpangaji wa Tabata
Habari za jioni, wakuu. Sebule yangu ina upana wa mita tatu na nusu na urefu wa mita nne, runinga ni ya inchi 43 yenye tundu la HDMI ARC (linalorudisha sauti ya runinga kwenye risiva kwa waya huohuo wa picha), na ninazo spika tano pamoja na sabufa, zilizobaki baada ya mashine ya seti yangu ya zamani kuungua. Bajeti yangu haizidi shilingi 600,000. Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa kati ya risiva mbili (mashine za kupokea sauti na kuendesha spika), Yamaha RX-V385 na Sony STR-DH590, kwa kuwa ya kwanza imeandikwa wati 70 kwa kila njia, yaani kwa kila spika, na ya pili wati 145. Ipi inafaa? Nitashukuru kupata majibu mapema, maana kuna mtu anasubiri neno langu.

Fundi Redio
Ndugu, wati hizo zisikutishe. Sony walipima njia moja peke yake ikifanya kazi, tena kwa mlio mmoja tu, ilhali Yamaha walipima njia mbili kwa pamoja na kwa masafa yote yanayosikika na binadamu; kwa sebule ya ukubwa huo hutatambua tofauti. Zote mbili zina ARC na matundu manne ya kuingizia HDMI. Linalonitia shaka ni hizo spika. Igeuze moja utusomee imeandikwa ohm ngapi (kipimo cha jinsi spika inavyokinza umeme), kisha utuambie kama sabufa ina waya wake wa kuchomeka ukutani. Na huyo anayesubiri neno lako ni nani?

Mzee Kanda Mbili
Mwanangu, spika tano za nini? Mimi nina amplifaya ya stirio niliyoinunua nilipokuwa nikifanya kazi bandarini, na spika mbili za mbao ambazo fundi wa Magomeni alizibadilishia mipira ilipooza. Nikiweka taarabu ya zamani, mke wangu huacha jikoni akaja kukaa. Isitoshe, filamu hizi zinazotafsiriwa na madijei huwa na sauti ya njia mbili tu mara nyingi, na mtafsiri mwenyewe amekwisha kuifunika nusu yake. Spika zako za nyuma zitakuwa pambo.

Mama Watatu
Naona mwenzetu amejiita mpangaji, na hakuna aliyemuuliza habari za ukuta. Besi haizuiwi na pazia wala zulia. Nyumba niliyokuwa nikiishi zamani, kijana mmoja alipewa notisi kwa sababu vyombo vya jirani vilikuwa vikitetemeka kabatini kila Jumamosi usiku. Mdogo wangu, zungumza na mwenye nyumba kabla hujazungumza na fundi, na kama kuna ada ya shule haijalipwa, basi hiyo ndiyo ianze.

Mpangaji wa Tabata
Nashukuru wote. Ada imelipwa, dada. Spika zimeandikwa ohm 3 na sabufa haina waya wa umeme, ila sioni tatizo liko wapi, kwa sababu zilifanya kazi vizuri miaka yote na sauti sitaipandisha sana. Kuhusu anayesubiri, hilo ni jambo la kifamilia.

Fundi Redio
Zilifanya kazi kwa sababu mashine yake ilitengenezwa kwa ajili yake. Risiva unazozitaja zinahitaji spika za ohm 6 au zaidi. Ukizipa za ohm 3 zinasukuma mkondo mkubwa kupita uwezo wao, zinapata joto, na zikiwa na bahati zinajizima kabla ya kuungua. Sabufa nayo haitalia, kwa kuwa tundu lake kwenye risiva hutoa mawimbi dhaifu tu yanayohitaji sabufa yenye amplifaya yake ndani. Sasa nijibu, kifaa hiki kinatoka nchi gani?

Mpangaji wa Tabata
Kinatoka kwa shemeji yangu aliyeko Houston. Ameiona Yamaha iliyotumika kidogo kwa bei ambayo hapa Kariakoo siwezi kuipata. Sikulitaja kwa sababu niliuliza ubora, sikuuliza usafirishaji. Ninafahamu kwamba umeme wa kule ni volti 120, lakini transfoma zinauzwa, na hata nikiongeza gharama hiyo bado nitabaki ndani ya bajeti.

Kijana wa Kigamboni
Shemeji akikupatia kitu kwa bei ya namna hiyo, muulize dada yako amekosewa nini. Mwambie ahamie Uingereza, kule volti ni 230 na hata plagi ni kama zetu.

Mpekuzi
Mimi siamini kisa hiki. Mtu anayechagua kati ya Yamaha na Sony hawezi kuwa na shemeji aliyekwisha kuiona Yamaha. Nyuzi za namna hii huishia kwa mwenye nazo kutangaza kwamba amebadili mawazo na anauza. Kama si muuzaji, mwambie shemeji apige picha ya kibandiko cha nyuma.

Mzee Kanda Mbili
Hata mimi nilishangaa. Weka picha, mwanangu.

Mpangaji wa Tabata
Picha hii hapa. Inasomeka wazi, volti 120 na 60 Hz (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Mimi si muuzaji.

Mpekuzi
Ahsante. Soketi iliyo ukutani nyuma ya risiva ina matundu matatu ya mstatili. Houston wanatumia soketi hizo tangu lini?

Kijana wa Kigamboni
Shemeji amehamia Tabata!

Mpangaji wa Tabata
Imefika wiki hii, lakini haijawashwa na salio la shemeji sijalilipa, ndiyo maana nilisema anasubiri. Nilitaka maoni yasiyoegemea upande wowote, na mngejua ninayo msingenilinganishia na Sony. Bado naona nimepata bei nzuri.

Fundi Redio
Bei ni nzuri. Usiichomeke kwenye hiyo soketi hata kwa kujaribu. Tafuta transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 230 hadi 110, yenye uwezo angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye hicho kibandiko; haitabadilisha 50 Hz kuwa 60, kwa hiyo risiva inaweza kupata joto zaidi kidogo, nawe usiifungie kabatini. Anza na spika mbili za ohm 8, sabufa isubiri.

Mpangaji wa Tabata
Na zile za ohm 3 nikizitumia za nyuma tu?

Fundi Redio
Hapana.

Mzee Kanda Mbili
Kama huzitumii, ile sabufa unaiuza shilingi ngapi?