Kutafuta masafa: skana ya kidijitali au RTL-SDR na laptopu?

Mzee_wa_Antena (Minneapolis)
Salaam wakuu. Nina miezi minane na skana ya mkononi, redio inayopita masafa na kusimama penye mazungumzo, inayosoma P25 na DMR, mifumo ya redio za kidijitali. Sauti ni safi, betri inadumu. Kinachonichosha ni kutafuta masafa mapya. Nikiiambia ipite 851 hadi 869 MHz, inakwama kwenye chaneli ya udhibiti ya ARMER, mtandao wa redio wa jimbo letu la Minnesota. Chaneli hiyo ndiyo inayoelekeza redio za mtandao, na hainyamazi usiku wala mchana. Nikiiruka, inasimama kwenye chaneli ya sauti, nasikia nusu ya sentensi ya dereva wa gari la kuondoa theluji, na jibu lake silipati tena. Asubuhi nakuta masafa 40 yamehifadhiwa, hayana majina, na programu yake haiwezi kuyahamishia kwenye faili. Nayanakili kwa kalamu! Tena ni ya Windows tu, mimi natumia Mac. Ninunue skana ya bei kubwa zaidi, au nihamie RTL-SDR, kipokezi kidogo kinachotumia kompyuta kama redio?

Fundi_Mawimbi
Mkuu, usinunue kitu kwanza. Kutafuta kwa kupita masafa moja moja kulitengenezwa enzi za analojia, wakati kila idara ilikuwa na masafa yake. Kwenye ARMER masafa hayana mwenyewe. Dereva akibonyeza kitufe, chaneli ya udhibiti inampa kundi lake masafa yaliyo wazi wakati huo. Mwenzake akijibu baadaye huenda wakapewa mengine. Ndiyo maana unapata vipande. Unachotakiwa kutafuta ni namba ya kundi, yaani watu wanaozungumza pamoja. Ingiza chaneli za udhibiti za mnara wa karibu nawe, halafu washa utafutaji wa makundi ndani ya mtandao huo. Karibu skana zote za kidijitali zinao, ila wameuficha ndani ya menyu na kitabu cha maelezo kinaupitia kwa mistari michache. Hilo linanikera miaka yote.

Dada_Masafa (Houston)
Nakubaliana na Fundi, lakini kwa kutafuta mimi nimehamia RTL-SDR na sirudi. Kifaa chenyewe cha kuchomeka USB hakifiki dola 50, na kwenye skrini unaona kama 2.4 MHz kwa mpigo. Jicho linatangulia sikio: mawimbi ya sekunde moja unayaona, wakati skana ingekuwa bado iko mbali inahesabu. Hata kelele za taa za LED na chaja unazitambua kwa umbo lake. SDRTrunk, programu ya kufuatilia mitandao kama ARMER, ni ya bure, inakubali Mac, na inaandika kila kundi na kila redio iliyosikika. Ugumu wake: JMBE, programu ndogo inayogeuza data ya kidijitali kuwa sauti, unaiunda mwenyewe, na mimi ilinichukua Jumamosi nzima. Pia mtandao ukitawanya chaneli zake kuliko upana wa kifaa kimoja, utahitaji viwili au vitatu.

Mlima_Baridi
Kaka Mzee, kuna sababu moja ya kununua skana ghali, nayo si utafutaji. Mijini minara kadhaa hurusha mawimbi yaleyale kwa masafa yaleyale, yanafika kwako yakigongana, na skana nyingi zinakatakata maneno hata alama za mawimbi zikiwa zimejaa. SDS100 na SDS200 za Uniden zilitengenezwa na kipokezi cha I/Q, kinachosoma nguvu na awamu ya mawimbi, kwa ajili ya tatizo hilo. Kama sauti yako ni safi, hela yako ibaki mfukoni. Na makundi yaliyofungwa kwa usimbaji fiche hakuna kifaa cha dukani kitakachoyafungua.

Abu_Salma (Toronto)
Mimi nasikiliza ndege tu, 118 hadi 137 MHz kwa AM. Huko kutafuta kwa skana kunafanya kazi vizuri kabisa, maana rubani na mnara wanabaki kwenye masafa yaleyale.

Mzee_wa_Antena
Asanteni sana. Fundi, nimefanya ulivyosema jana jioni. Kwa saa moja nimepata makundi 23, na yule dereva wa theluji nimemsikia pamoja na anayemjibu. Mlima, sauti yangu haikatiki, kwa hiyo skana inabaki ya kusikilizia. Nimeagiza RTL-SDR moja ya kutafutia. Dada, hiyo JMBE uliiunda kwenye Mac au Windows? Nikikwama Jumamosi nitakuandikia hapahapa.