Pizza. PIZZA! Kwenye karamu ya enzi za kati, mbele ya majirani wote!!

MamaSufuria (mtoa mada)
Wakuu naandika na hasira, masufuria yenyewe sijaosha bado. Yule mama mnamjua, simtaji, yule ambaye kila kikao cha jumuiya yetu hapa York lazima atukumbushe kafika Uingereza kabla yetu sote, basi jana kanimaliza hadharani.

Na wazo lilikuwa LAKE! Yeye ndo alisema mji una kuta za kale kila upande, tuwaalike majirani wazungu tuwaandalie karamu ya enzi za kati, mishumaa, majoho, mataji. Watu wakanyoosha mikono. Nani apike? Mimi. Nikasema nikipika napika kweli, sio mtu umevaa joho la kukodi halafu unatafuna sambusa. Nikakesha nasoma mapishi ya wapishi wa mfalme Richard wa Pili, ya mwaka 1390 hivi, kichwa kikapata moto, maana nyanya hakuna, viazi hakuna, mahindi hakuna, pilipili kichaa hakuna, vyote hivyo Ulaya vimefika baada ya Columbus kuvuka bahari 1492. Mtanzania apike bila nyanya! Nikapika. Kuku na wali ndani ya maziwa ya lozi na sukari, chakula cha wafalme kile. Supu nzito ya njegere. Nyama kwa mdalasini, karafuu na zafarani, ZAFARANI wakuu, bei yake mnaijua. Sahani marufuku, nimekata mikate iliyolala vipande vinene ikawa ndo sahani, uma marufuku pia maana Waingereza wa wakati ule walikula kwa kisu, kijiko na vidole. Majirani wakafurahi vibaya mno.

Mwenzangu yuko wapi? Meza kuu, kajivika taji, malkia wa kujiteua.

Sasa tuko katikati ya kuku, mlango unagongwa. Kaingia kijana na helmeti kichwani, begi kubwa mgongoni, wazungu wote makofi wakidhani ni askari kaleta ujumbe wa mfalme, kuna babu kapiga goti kabisaaa. Kijana anauliza pizza ya nani. MALKIA akanyoosha mkono.

Pizza jamani. Kaiweka juu ya mkate wangu, ule wa sahani, mchuzi wa nyanya unachuruzika meza kuu. Halafu akasema kwa Kiingereza, kwa sauti, ili majirani wasikie, eti samahanini, chakula cha wagonjwa mimi sikiwezi. Cha wagonjwa!! Na zafarani ile!! Na makofi yale bado nayasikia, pizza imepigiwa makofi, mimi niliyesimama jikoni toka alfajiri hata mluzi sijapigiwa. Pizza!

Sipiki tena. Na taji alirudishe, nilinunua mimi.

Kishada
Babu kapiga goti 😂😂 nimekufa mimi. Ilikuwa pizza ya nini lakini?

MamaSufuria
Hilo ndo swali??

BitoziWaLeeds
Mimi nilikuwepo. Mtoa mada hajawaambia kwamba ule wali ulikuwa mtamu kuliko uji wa mtoto na humo humo unakutana na paja la kuku. Mimi nilikula pizza slaisi mbili, sina la kuficha.

MamaSufuria
Msaliti mkubwa wewe. Alikugawia kwa mkono wake wa kimalkia?

BitoziWaLeeds
Ndio, na ilikuwa ya moto.

Mwekahazina_Mstaafu
Pizza sio hoja. Huyo huyo mama ndo alishika daftari la michango ya msiba mwaka juzi, mpaka leo hesabu hatujasomewa, nikiuliza naambiwa nina roho mbaya.

Kadogoo
Afadhali nyie mmeletewa chakula. Send-off ya binamu yangu kuna mmoja alikuja na mahotipoti matupu kwenye mfuko, pilau ikapanda gari kabla bibi harusi hajaonja. Nikimtaja mtasema nina kisasi.

Kishada
Taja tu

Kadogoo
Yumo humu anasoma.

Msomi_wa_Pwani
Mmehangaika na enzi za kati za watu wakati zetu zipo. Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, kafika Mogadishu, ameandika mwenyewe, kapewa wali wa samli, juu yake kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Ndo akashuka mpaka Kilwa. Hiyo karafuu mnayojisifia wakati ule Zanzibar hata mche haukuwepo, imekuja karne ya 19. Mngewapikia majirani karamu ya Ibn Battuta nani angeagiza pizza?

MamaSufuria
Yule angeagiza tu.

Nshomile
Ngoja kwanza, ndizi kwa MAZIWA? Ndizi ni kwa maharage, kwisha.

Mangi_Mdogo
Hamjala machalari nyie ndo maana mnaongea. Ndizi na nyama, basi.

Nshomile
Mchaga ukimuuliza ndizi atakutajia nyama, ukimuuliza nyama atakutajia duka.

Otis_Kisumu
Nyinyi wote tulieni, matoke ni ya Uganda, mambo yaliisha hapo.

Nshomile
Wewe wa ugali na omena umeingia hapa kutafuta nini?

MamaSufuria
Jamani uzi wangu ulikuwa wa pizza

Kishada
Dada tulia kidogo hapa kuna jambo la maana. Ndizi mbichi hapa Yorkshire mnanunua wapi? Supamaketi ya kwetu ina zile za njano tu.

BitoziWaLeeds
Njoo Kirkgate Market huku Leeds, ila wahi asubuhi, ukichelewa unakuta za kuvimba.

Mangi_Mdogo
Kilo bei gani siku hizi?