Joe McDonagh Cup: zikilingana alama nani anatangulia, na bingwa anapandaje?

Kipanga:
Wakuu, nafuatilia halingi (hurling, mchezo wa magongo na mpira mdogo) ya Ayalandi, hasa daraja la pili, Joe McDonagh Cup. Timu sita za kaunti, kila moja mechi 5, mbili za juu zinacheza fainali, hapo nimeelewa. Zikilingana alama nani anatangulia? Na kutwaa kombe ni kupanda moja kwa moja?

Mwana Mvita:
Mkuu, kwanza tenganisha alama za msimamo na pointi za uwanjani. Ushindi ni alama 2, sare 1. Uwanjani, mpira ukiingia wavuni ni goli, thamani yake pointi 3. Ukipita juu ya mwamba katikati ya nguzo ni pointi 1. Matokeo huandikwa goli kwanza. Laois 1-22, Dublin 0-23, mwaka 2019: Laois wana 25, wameshinda kwa 2. Ukitazama namba ya mwisho peke yake utampa ushindi aliyefungwa.

Timu mbili zikilingana alama, tazama mechi waliyocheza wao kwa wao. Zikiwa tatu au zaidi, ndipo unachukua pointi zote walizofunga, unatoa walizofungwa. Wengi hukimbilia tofauti ya pointi hata kwa timu mbili, msimamo wao unatoka kombo. Lakini kwa kuwa huwezi kujua kama zitalingana tatu, timu iliyozidiwa kwa 15 isikate tamaa: kila pointi inayookoa dakika za mwisho inaweza kuamua nani acheze fainali Croke Park, uwanja mkuu ulioko Dublin, na nani ashuke.

Bi Rukia:
Kuhusu kupanda: daraja la kwanza huchezwa kwa majimbo, Leinster na Munster. Bingwa wa McDonagh huingia michuano ya Leinster, wa mwisho wa Leinster hushuka. Mwaka 2025 Kildare walipanda, Antrim wakashuka. Kerry peke yao wana kikwazo, kwa sababu wao ni wa Munster: wakitwaa kombe, lazima kwanza wacheze na timu ya mwisho ya Munster. Walifika fainali 2020, 2021 na 2022, wakafungwa zote, kwa hiyo kanuni hiyo haikutumika. Kwangu mimi si haki. Galway ni wa Connacht, Antrim wa Ulster, na wote wamechezeshwa Leinster. Kerry wana kosa gani?

Wa mwisho wa McDonagh hushukia Christy Ring Cup, daraja la tatu, na huko hakuna anayeogopwa kwa jina. Offaly, mabingwa wa Ayalandi nzima 1981, 1985, 1994 na 1998, walishuka Leinster 2018, wakashuka tena 2019. Walitwaa Christy Ring 2021, lakini McDonagh wakaipata 2024. Kildare walivuka ngazi zote mbili ndani ya miaka miwili, 2024 na 2025.

Mpenda Takwimu:
Naongezea. Misimu ya 2018, 2019 na 2022 hadi 2025, wanafainali wote wawili waliingia pia hatua ya awali ya robo fainali ya Ayalandi, dhidi ya washindi wa tatu wa Leinster na Munster. Ni Laois tu, dhidi ya Dublin 2019, waliovuka. Mechi hiyo ilikuja wiki moja tu baada ya fainali ya kombe: misuli haijapona, na kocha hana siku za kutosha kuandaa mbinu dhidi ya timu yenye kasi zaidi. Na mpinzani wa hatua hiyo hakuwa dhaifu. Tipperary walikuwa wa tatu Munster mwaka 2025, wakawatoa Laois hatua hiyo, kisha wakatwaa ubingwa wa Ayalandi.