Robert Carter wa Virginia na watu 452: watoto wake walikubali vipi?

Mjukuu wa Rabai

Hamjambo wenzangu. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Kongowea. Naomba mtu anayezijua habari za Marekani ya zamani anisaidie, maana kwa wiki mbili nimeshikwa na mtu mmoja na siwezi kumwacha.

Ni Robert Carter wa Virginia, yule wa tatu kwa jina hilo. Alizaliwa 1728. Babu yake alikuwa na ardhi nyingi hata watu wakamwita "Mfalme" Carter. Mwaka 1732 akafa baba, akafa na babu, mtoto akabaki yatima wa miaka minne, mrithi wa mashamba ya tumbaku pamoja na watu waliokuwa wakiyalima. Alipokua akaenda London kusomea sheria, akarudi, akagombea ubunge akashindwa, kisha 1758 akapewa kiti katika Baraza la Gavana, ambalo ndilo lililokuwa chumba cha juu cha bunge la koloni. Mkewe, Frances Tasker, binti wa tajiri wa Maryland, alimzalia watoto kumi na saba.

Sasa hapa ndipo nilipozima cherehani. Tarehe 1 Agosti 1791 mtu huyu aliandika hati ya kuwaacha huru watumwa wake. Aliwaorodhesha 452: jina, umri, na shamba la kila mmoja. Mashamba yenyewe alikuwa ameyapa majina ya buruji za nyota, Aries, Leo, Cancer. Kwa hivyo mtu anasomeka: fulani, miaka kadhaa, wa shamba la Leo.

Nimelia, na nitawaambia kwa nini. Mamake nyanya yangu alikuwa mtoro. Alikimbia shamba la bwana akiwa msichana, pamoja na dada yake, wakaingia misheni ya Rabai. Mwanzoni mwa 1889 watoro wa misheni, zaidi ya 1,400, walipewa karatasi za huru baada ya Mackenzie wa kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana fidia. Ya kwake ilifungwa ndani ya leso, ikawekwa kwenye sanduku la bati. Nyanya alipolifungua baadaye, mchwa walikuwa wamekwisha kupita. Hakuna hata herufi iliyobaki.

Maswali yangu ni haya. Watoto wa Carter walisemaje baba alipogawa urithi wao? Na kwa nini aliwaachia watu kumi na tano tu kwa mwaka, kuanzia Januari 1792, asifungue mlango siku moja wote wakatoka?

Mwalimu Mstaafu, Changamwe

Dada yangu, ahsante kwa swali. Nianze na hilo la kumi na tano.

Kabla ya 1782, sheria ya Virginia ilimzuia bwana kumwacha mtumwa huru kwa hiari yake. Mwaka huo ikaruhusiwa, lakini kwa masharti. Aliyepita miaka 45 huwezi kumtoa tu, bwana lazima aendelee kumtunza, na wadogo vilevile. Carter akapanga watu kwa umri, wakubwa watangulie, watoto wafikie utu uzima kwanza, miaka 18 kwa wasichana na 21 kwa wavulana. Aliogopa pia kwamba watu mamia wakitoka kwa mkupuo, majirani wenye mashamba watapiga kelele hadi mpango wote ufutwe. Tunaweza kubishana naye hapo. Mtu wa mwisho kwenye orodha alingoja miaka mingi kwa kitu ambacho bwana mwenyewe alikwisha kukiri ni haki yake.

Kilichombadilisha ni dini. Juni 1777 alichanjwa ndui, chanjo ya siku hizo ambayo ilikupa ugonjwa wenyewe kidogo, na ndani ya homa akapata maono. Mwaka uliofuata akabatizwa na Wabaptisti, watu waliodharauliwa na matajiri wenzake, akakaa ibada moja na watumwa. Hati yake inasema wazi kwamba kuwaweka watu utumwani ni kinyume cha dini na haki.

Tusisahau kipimo. George Washington aliwaacha huru watumwa wake kwa wosia wa 1799, na walikuwa 123. Thomas Jefferson, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, aliwaacha huru watu wachache mno, hata kumi hawafiki. Hawa wawili mtoto yeyote wa shule anawajua.

Karani wa Mirathi, Mji wa Kale

Dada, salamu. Mimi kazi yangu ni kuandika mafaili ya mirathi, nimeona ndugu wakigombania mnazi mmoja, basi swali lako la watoto limenigusa.

Angalia jina la hati, "Deed of Gift", yaani hati ya zawadi: sisi tungeiita hiba. Hakuandika wosia. Kwetu Waislamu wosia hauvuki thuluthi ya mali, lakini hiba aliyoitoa mtu mzima wa afya na akili, ikakabidhiwa, imekwisha, mrithi hana la kusema. Sheria yao si yetu, lakini mzee huyu alikuwa na akili hiyohiyo ya kulimaliza jambo angali hai. Septemba 1791 akaipeleka hati mahakamani ikasajiliwa.

Watoto hawakupenda, na wakwe hawakupenda. Mkewe alikuwa amefariki 1787, kwa hivyo hapakuwa na mtu wa kusimama katikati. Mwaka 1793 mzee akahama Virginia, akaenda kuishi Baltimore. Na kazi ya kuwatoa watu mwaka baada ya mwaka hakumwachia mwanawe. Alimpa Benjamin Dawson, mhubiri wa Kibaptisti, mtu asiye na fungu katika urithi. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Nimeona wosia nzuri zikifia mikononi mwa mtoto mkubwa.

Alifariki Machi 1804, akarudishwa kuzikwa nyumbani kwake Nomini Hall, kaburi bila alama. Na miaka miwili baadaye Virginia ikatunga sheria kwamba mtumwa atakayeachwa huru kuanzia hapo aondoke jimboni ndani ya miezi kumi na miwili.

Mtu wa Kengeleni

Mimi naomba tusimpambe sana. Miaka ya 1773 na 1774 familia hiyo ilikuwa na mwalimu wa nyumbani, Philip Fithian, kijana aliyetoka Princeton, na shajara yake ipo. Anasema Carter alisifiwa na wote kuwa bwana mpole kuliko wenzake, kisha anaandika posho: mahindi, kama kilo sita hivi, na ratili moja ya nyama kwa mtu kwa wiki. Huyo ndiye mpole. Ndani ya nyumba watoto wanafundishwa dansi na muziki, baba anapiga kinanda.

Tena Fithian alizungumza na Bi Frances, wakakubaliana kwamba watumwa wote wakiuzwa na fedha zikawekwa kwa riba, faida ingepita ya shamba. Kwa hivyo mama wa nyumba alijua hesabu haiko sawa, na watu wakaendelea kulima utumwani miaka kumi na saba zaidi.

Dada, nyanya yako mkuu hakuachwa huru na mtu. Alikimbia usiku na miguu yake. Karatasi ilikuja baadaye, na aliyelipwa ni bwana.

Mjukuu wa Rabai

Nawashukuru nyote. Ndugu wa Kengeleni, umenisahihisha na nimekubali. Nilikuwa nikisoma orodha ya Carter kana kwamba yeye ndiye aliyewapa watu wale majina. Majina walikuwa nayo. Alichofanya ni kuyaandika mahali ambapo mwanawe asingeweza kuyafuta, na kwa hilo namheshimu. Karani, hilo la mtu asiye na fungu limenikaa, nitalihitaji siku nitakapogawa kiwanja.

Mwalimu, nilitaka kukuuliza kwa faragha lakini acha niulize hapahapa: nikitafuta jina la mamake nyanya, nianzie wapi?

Mwalimu Mstaafu, Changamwe

Anzia kanisani Rabai kwenyewe. Uliza vitabu vya ubatizo vya zamani viko kwa nani. Nenda na mwaka unaoukisia, jina la ubatizo, na jina la yule dada yake, maana majina mawili huonekana haraka kuliko moja.

Mjukuu wa Rabai

Jumamosi nafunga kazi saa sita, nitakwenda na mjukuu wangu mkubwa. Majina ya ubatizo ninayo yote mawili. Jina aliloitwa kwao, kabla ya kutekwa, nyanya alilitaja mara moja jikoni akikuna nazi. Nilikuwa na miaka saba, sikulishika.