Ushauri: Mdogo wangu kaja kutoka Bukoba, wapangaji wenzangu wanataka aondoke

Fundi Bati – Ijumaa, 24 Machi 2023, saa 4 usiku

Wakuu habari za usiku, na waliofunga nawatakia mfungo mwema.

Niende moja kwa moja. Nimepanga Mwanza, Buhongwa, nyumba ya uani vyumba sita, choo kimoja, bomba moja. Jumanne asubuhi tarehe 21 mdogo wangu kashuka na meli ya usiku kutoka Bukoba, na begi lake na mkungu wa ndizi aliopewa na mama. Kamaliza kidato cha nne, nilikuwa nimemtafutia gereji ya pikipiki ajifunze kazi. Asubuhi kafika, jioni yake waziri wa afya Ummy Mwalimu akatangaza kwamba ule ugonjwa usiojulikana wa Bukoba Vijijini ni Marburg, homa ya virusi ya jamii moja na Ebola. Wagonjwa 8, waliokufa 5.

Kabla ya taarifa ya habari kuisha, uani kulikuwa kimya. Siku nyingine wanapiga stori hadi saa tano. Asubuhi yake nimekuta ndoo zote zimeondolewa kwenye foleni ya bomba, yangu imebaki peke yake kama ya mchawi. Mama wa chumba cha tatu, ambaye mtoto wake anashinda kwangu akiangalia katuni, akimwona dogo anatoka chooni anamvuta mwanae ndani na kufunga mlango kwa komeo.

Shemeji yenu juzi kachukua mtoto kaenda kwao Magu. Hakugombana na mimi, alisema tu "Baba fulani, wewe ni ndugu yako, mimi nina mtoto." Mkungu hatujaupika. Upo pembeni mwa mlango na nzi.

Leo mwenye nyumba kanitumia meseji kwamba hadi Jumapili dogo awe ameondoka, la sivyo nitoke mimi na yeye, na kodi niliyolipa ya miezi mitatu haitarudi. Fundi wa gereji naye kasema tuje mwezi wa tano.

Dogo ni mzima, anakula, anacheka. Kwetu ni Rwamishenye, mjini, na waliougua ni wa kata za Maruku na Kanyangereko. Nimrudishe? Nimpeleke gesti? Nilazimishe abaki? Na mimi kusema ukweli usiku nasikiliza anavyokohoa. Nawasilisha.

Kijiwe Nongwa – 24 Machi, saa 4:20 usiku

Nshomile, wasomi wetu wa Bukoba, leo wamekosa la kujisifu 😂😂 Mrudishe na meli ya kesho mkuu.

Mama Lishe wa Igoma – 24 Machi, saa 4:41 usiku

Pole kaka. Mpe tangawizi, malimao na kitunguu saumu asubuhi na jioni, ajifukize. Korona tulipona hivyohivyo. Na avae barakoa.

Nesi wa Zamu – 24 Machi, saa 5:15 usiku

Kaka Fundi Bati, pole. Niko kituo cha afya mkoa jirani na wewe, niandike haraka kabla sijaitwa.

Mama Lishe, malimao hayana ubaya, ila Marburg si korona. Haipepei hewani kama mafua. Inapita kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, jasho la mgonjwa mwenye dalili, au maiti yake, au nguo na shuka alizochafua. Asiye na dalili haambukizi. Dalili zinatokea kati ya siku 2 na 21 tangu alipogusa: homa kali ya ghafla, kichwa, misuli kuuma, halafu kutapika na kuharisha, wengine kutoka damu baadaye. Dawa yake maalumu wala chanjo iliyoidhinishwa bado hakuna, lakini anayewahi hospitali na kuongezewa maji ana nafasi kubwa kuliko anayefichwa.

Kwa hiyo "katoka Bukoba" haiambii mtu kitu. Swali ni hili: ndani ya siku 21 zilizopita, dogo alimuuguza nani, alimbeba nani, alimzika nani? Muulize taratibu, usimfokee, maana ukifoka atakujibu unachotaka kusikia.

Nami nikwambie la kwetu. Juzi kaletwa kijana wa Muleba, Kagera, ana homa. Aliposema tu anakotoka, benchi zima lilihama. Kakaa peke yake, kichwa kwenye magoti, na sisi tunaangaliana nani aende. Katika wale watano waliokufa mmoja ni mhudumu wa afya, usifikiri sisi hatuogopi. Mwishowe nilivaa glavu, gauni na miwani, nikampima. Malaria. Karibu saa nzima aliteseka kwa sababu ya jina la wilaya.

Mzee wa Kashai – 25 Machi, saa 12 asubuhi

Kijiwe Nongwa, utani wa nshomile tumeuzoea, endelea. Ila mimi nina miaka 64 na haya nimeshayaona.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika kwetu Kagera. Tuliuita "Juliana", jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vinavuka mpaka na Uganda. Watu walidhani ni kulogwa na wafanyabiashara waliodhulumiwa mali. Nilikuwa kijana, nasafiri kuuza kahawa, na nikifika mahali nikitaja Bukoba glasi niliyonywea inaoshwa mara mbili mbele ya macho yangu. Gonjwa lilikuwa limeshafika huko kwao, wao wanahangaika na glasi yangu.

Novemba ndege imetuangukia ziwani, Machi hili. Tumechoka, lakini si sisi tulioliita. Mwanangu Fundi Bati, usimrudishe mtoto kwa aibu. Muulize tu alichoulizwa na huyo nesi.

Mutu wa Butembo – 25 Machi, saa 3 asubuhi

Kiswahili yangu ni ya Kongo, mutanisamehe. Niko Kigoma sasa.

Kwetu Ebola ilianza mwezi wa munane 2018, ikaisha mwezi wa sita 2020. Batu zaidi ya 2,200 walikufa. Unajua nini iliua wengi? Kuficha. Batu walisema ukiingia kwenye kituo cha Ebola hautoki, basi mama anaugua, wanamuficha chumba ya nyuma, wanamuosha na mikono, akikufa wanamuzika usiku. Wiki mbili, nyumba nzima. Mwezi wa pili 2019 walichoma kituo cha Katwa, kisha siku tatu, cha Butembo. Wengine walisema ni biashara ya wakubwa.

Huyo mwenye nyumba hajui anafundisha nini. Akifukuza huyu kijana muzima, siku mutu wake ataugua kweli, hatasema. Ataficha.

Bwana Kero – 25 Machi, saa 3:30 asubuhi

Swali la kizushi: uani kwetu kuna mwembe umejaa popo. Nasikia ndio wenye gonjwa. Tuukate?

Nesi wa Zamu – 25 Machi, saa 6 mchana

Acha mwembe wa watu. Virusi hivi vinahifadhiwa na aina ya popo wala matunda wanaokaa mapangoni. Usiwashike, usiwale, na embe lililong'atwa usiokote. Basi.

Fundi Bati – 25 Machi, saa 2 usiku

Wakuu nimembana. Nesi ulijua.

Nilimsubiri ale ashibe nikamuuliza kama tunapiga stori. Kwanza alisema hakwenda popote. Nikanyamaza. Baadaye, anaangalia chini, akasema Jumapili tarehe 12 alienda Kanyangereko kwenye msiba wa babu wa rafiki yake. Mzee alikuwa na presha ya miaka mingi, kafia nyumbani. Nikamuuliza aligusa mwili? Anasema hapana, vijana walipewa majembe, alichimba kaburi na kupanga viti chini ya turubai. Hakuingia ndani hata kuaga. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya kwanza. "Kaka, bandarini wenzangu waliambiana tukisema tumetoka msibani hatupandi meli."

Mikono imekufa ganzi wakuu. Nifanyeje? Nikipiga simu gari la afya likija hapa uani, ndiyo mwisho wangu kwenye nyumba hii.

Nesi wa Zamu – 25 Machi, saa 2:20 usiku

Piga 199. Ni bure. Sasa hivi, usisubiri asubuhi. Waambie kama ulivyotuambia, pamoja na tarehe. Kuchimba kaburi si kugusa maiti, na mzee wa presha si lazima awe mgonjwa wa Marburg, ila hilo si la kuamua wewe wala mimi. Wanafuatilia watu 161 waliokaribiana na wagonjwa, wataangalia kama msiba huo unaingia humo.

Kwa sasa alale peke yake, chombo chake, taulo lake, ndoo yake. Choo kioshwe na maji ya jiki kila akitoka. Mpime joto asubuhi na jioni, andika kwenye daftari. Likipanda, usimguse, piga tena.

Na tangu tarehe 12 amebakiza siku nane tu. Siku 21 zinaisha tarehe 2 Aprili.

Kijiwe Nongwa – 25 Machi, saa 3 usiku

Mkuu nifute ule utani wangu wa jana. Piga simu.

Fundi Bati – 27 Machi, saa 1 jioni

Nilipiga. Wamekuja jana watu wawili, na gari lenye maandishi ubavuni, mchana kweupe, watoto wa mtaa mzima wakalikimbilia halafu wakatawanyika kama kuku. Walivaa kawaida tu, wakakaa mbali kidogo na dogo, wakampima joto kwa kile kidude cha kuelekeza usoni, 36.6. Wakamhoji karibu saa nzima: jina la marehemu, nani alimwosha, walikula nini, walinawa wapi. Wakapiga simu Bukoba. Majibu: marehemu hayumo kwenye mlolongo wa wagonjwa wanaojulikana. Hata hivyo atapigiwa kila siku hadi tarehe 2.

Kitu sikukitegemea: yule dada wa afya alimwita mwenye nyumba na wapangaji wote pale bombani akawaeleza. Wengine walisikiliza kutoka dirishani. Mwenye nyumba akauliza kwa nini siku zihesabiwe toka tarehe 12, kwake yeye dogo kaingia tarehe 21, kwa hiyo hesabu yake inafika Aprili 11. Alielezwa mara tatu. Amekubali asimfukuze, ila ya tarehe hajakubali. Kaiandika ukutani kwake kwa chaki.

Mkungu umeanza kuiva, umeharibika kwa matoke. Dogo anakula ndizi mbivu peke yake chumbani kama tumbili.

Mama Lishe wa Igoma – 27 Machi, saa 2 usiku

😂😂 Nimecheka hadi machozi. Mungu awasaidie.

Fundi Bati – 31 Machi, saa 8 usiku

Siwezi kulala, niwaambie kilichotokea.

Saa tano usiku mlango umegongwa kidogokidogo. Mama wa chumba cha tatu, mwanae mgongoni kafunikwa na khanga hadi kichwani. Mtoto anachemka, katapika mara mbili. Anaongea kwa kunong'ona: "Baba, naomba ile namba." Nikamuuliza kwa nini asiende zahanati, ni hatua mia mbili. Akasema wakimwona anatoka usiku na mtoto anayetapika, kesho watasema nyumba yetu imepata, na atajulikana yeye ndiye aliyekaa na dogo. Alikuwa amekaa na mtoto ndani tangu saa nane mchana, anamkanda kwa kitambaa.

Yule wa Butembo aliandika haya haya hapa juu. Nikapiga, wakamuuliza yeye mwenyewe maswali, kisha wakamwambia aende zahanati sasa hivi na aseme kila kitu. Nikamsindikiza na tochi, mimi mbele yeye nyuma, mvua inanyesha. Dogo alibaki mlangoni, hakusogea. Yule mtoto alivyomwona akasema "kaka katuni," mama akanyamaza.

Malaria. Kachomwa sindano, wanamlaza hadi asubuhi.

Nesi wa Zamu – 31 Machi, saa 11 alfajiri

Ahsante kwa kumsindikiza. Masika haya malaria itaua wengi kimya kimya huku kila mtu anatafuta Marburg.

Mzee wa Kashai – 31 Machi, saa 1 asubuhi

Umefanya kiutu. Msalimie dogo, mwambie aache kuficha mambo.

Fundi Bati – 3 Aprili, saa 12 jioni

Jana siku ya 21 imekwisha. Daftari lina mistari ya joto asubuhi na jioni, juu kabisa 37.1 siku aliyofua mashuka yote juani. Yule dada wa afya kapiga mara ya mwisho, kamtakia heri.

Leo asubuhi ndoo ya chumba cha tatu ilikuwa nyuma ya yangu. Mwenyewe hajaniambia kitu, kasalimia tu. Wengine bado wanachota usiku. Mwenye nyumba anasubiri Aprili 11 yake, anafuta siku moja moja kwa kidole. Shemeji yenu anasema atarudi mvua zikipungua, na mimi nimemwambia sawa.

Dogo anauliza kama kuna mwenye gereji hapa anayechukua mwanafunzi kabla ya mwezi wa tano.

Kijiwe Nongwa – 3 Aprili, saa 2 usiku

Mimi nina gereji Nyegezi. Aje Jumatatu, aje na daftari lake la joto niwaonyeshe vijana wangu, maana najua wataanza.