Naomba ushauri: kutembea peke yangu kutoka Schynige Platte hadi First

Ndugu wanakikundi, salaam. Ninaishi Uswisi, na mwishoni mwa Juni ninakusudia kutembea peke yangu kwa siku moja kutoka Schynige Platte hadi First (sehemu mbili za milima ya Alps), njia ya kilomita 16 hivi inayopita kilele cha Faulhorn chenye mita 2,681 na kuchukua takribani saa 6. Nimefanya mazoezi kwa safari fupi tatu, na namba ya uokoaji wa helikopta, 1414, nimeihifadhi kwenye simu. Kinachonitia hofu ni mabaki ya theluji kwenye miteremko yenye kivuli, na zaidi radi za alasiri. Je, mkikuta theluji imefunika njia, mnatumia kigezo gani kuamua kurudi? Na nikianza saa 3 asubuhi, nitakuwa nimechelewa?