Naomba ushauri: mwanangu amefukuzwa shule, aendelee na masomo kwa njia gani?

Ndugu zangu, mwanangu wa sekondari amefukuzwa shule moja kwa moja baada ya ugomvi uliomwacha mwenzake na jeraha. Adhabu sikuipinga, kinachoniumiza ni kwamba barua aliyokabidhiwa haikusema lolote kuhusu mahali atakapoendelea kusoma, ilhali Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 28, unazitaka nchi zichukue hatua za kupunguza idadi ya wanaoacha shule. Kutwa nzima anajifungia chumbani, na hata daftari la hesabu, somo alilolipenda kuliko yote, halifungui tena.

Nimefikiria masomo ya masafa, mwalimu wa nyumbani, au kituo chenye madarasa madogo na mshauri nasaha. Mimi naelemea hicho cha mwisho, kwa kuwa hasira zake zinahitaji kushughulikiwa sambamba na masomo, ingawa nahofia asije akajifunza mabaya zaidi kwa wenzake. Kwa mliowahi kupitia hali hii, nikague nini kabla ya kumwandikisha, na nipate uhakika gani kwamba atafanya mitihani na kupokelewa tena katika shule ya kawaida?